Hesabu ya Baiskeli ya Mjomba

Baiskeli kuukuu ikirithiwa Kinyangiri, wilayani Mkalama, washauri hawakosekani. Jirani atasema iuzwe kwa wanunuzi wa chuma chakavu, ipimwe kwa kilo, yaishe. Shemeji atataka ipigwe rangi nyeusi na kufungwa matairi mapya, ing'ae kama imetoka dukani. Na lazima atokee mmoja aliyewahi kukaa mjini, atakayeapa kwamba Wazungu wanazisaka baiskeli hizi kwa mamilioni. Wote watatu wameshatoa hukumu, na hakuna aliyeuliza ni baiskeli ya kiwanda gani wala ya miaka gani.

Swali hilo si la fahari, lina bei. Asiyejua baiskeli yake ni ya kiwanda gani hununua tairi lisiloingia, bakuli za krenki zisizokaza, na ringi ambazo breki zake haziwezi kuzikamata, kisha anarudi Singida mjini kwa nauli nyingine kubadilisha vitu ambavyo mwenye duka hataki kuvipokea.

Njia zilizopo ni nne: kuifufua ifanye kazi, kuirudisha katika hali yake ya asili, kuiuza na kununua nyingine, au kuiacha kama ilivyo. Msimamo wangu nautoa mapema. Kwa mkazi wa Mkalama anayetaka chombo cha kumpeleka shambani, mashineni na mnadani, njia ya kwanza hushinda mara nyingi, ilimradi fremu, uma wa mbele na nyumba ya krenki ni vizima. Vitu hivyo vitatu vikiwa vibovu, hakuna rangi itakayokuokoa. Njia ya pili ni ya mapenzi, na mapenzi yatengewe fungu lake, yasichotwe kwenye hela ya mbegu.

Hadithi ya ukoo ipimwe

Kila baiskeli ya urithi huja na hadithi, na hapa Kinyangiri tuna kipimo ambacho vijiji vingi havina. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupitia Singida hadi hapa, takriban kilomita 150. Miaka ya 1940 reli hiyo ikang'olewa, na kizazi kilichofuata hakikuiona. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba marehemu aliiteremsha baiskeli yake kutoka kwenye treni Kinyangiri penyewe, umeshapewa tarehe: ni kabla reli haijaondolewa. Baiskeli hiyo ikikutwa na nembo ya Phoenix ya Shanghai, ambayo ilianza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1950, basi wazee wamechanganya baiskeli mbili. Si uongo huo. Mtu alikuwa na baiskeli ya kwanza na ya pili, na kumbukumbu ikabaki na moja.

Kwa ujumla baiskeli kongwe za vijiji vyetu ziko katika makundi matatu. La kwanza ni za Kiingereza za enzi ya ukoloni na miaka ya mwanzo ya Uhuru: Raleigh ya Nottingham, Humber, Rudge, BSA, na zile za Birmingham na viunga vyake kama Hercules na Phillips. Walizinunua watu waliokuwa na mshahara au mazao ya kuuza, yaani walimu, makarani, wainjilisti wa misheni za Kilutheri, na wafugaji walioamua kupunguza ng'ombe. Kundi la pili ni za Kihindi na Kichina. Kiwanda cha Sen-Raleigh kilifunguliwa Asansol mwaka 1952, Hero ikaanza Ludhiana mwaka 1956, na kutoka China zikaja Phoenix, Forever na Flying Pigeon. Ukisikia marehemu alinunua yake wakati wa ujenzi wa reli ya TAZARA, kati ya 1970 na 1975, anza kwa kutafuta alama za Kichina, maana ndiyo miaka ambayo bidhaa za China zilijaa madukani ili mauzo yake yagharimie sehemu ya ujenzi wa reli hiyo. Kundi la tatu ni Swala, baiskeli ya nyumbani, iliyotoka Dar es Salaam katika kiwanda cha umma cha NABICO.

Kwa macho tu zote hizi zinafanana, na si kwa bahati. Flying Pigeon ya Tianjin iliigwa kutoka kwenye baiskeli ya Raleigh ya miaka ya 1930, nao Wahindi walifuata umbo lilelile. Fremu ndefu nyeusi, breki za vyuma, keria pana, magurudumu ya inchi 28. Anayeitambua kwa umbo peke yake anabahatisha.

Nembo nayo haitoshi. Raleigh iliinunua Humber mwaka 1932, Rudge mwaka 1943, BSA upande wa baiskeli mwaka 1957, kisha mwaka 1960 ikaungana na kundi lililokuwa na Hercules na Phillips. Baada ya hapo majina mengi yalikuwa yakibandikwa kwenye baiskeli zilizotoka kiwanda kimoja cha Nottingham. Ndiyo maana Hercules ya 1955 na Hercules ya 1968 zinaweza kuhitaji vipuri tofauti.

Soma chuma

Fundi mmoja wa hapa kijijini, mzee mwenye sanduku la spana lililofungwa kwa mpira wa tyubu, aliletewa baiskeli ya namna hiyo na kijana aliyeachiwa na mjomba wake. Kijana alikuwa ameshashika msasa.

“Shikamoo, mzee. Nataka niikwangue kwanza, ndipo uione vizuri.”

“Marahaba, mjomba. Hebu weka msasa chini. Ukikwangua, utanifutia maandishi, halafu utaniuliza imeandikwa nini. Lete mafuta ya taa na kitambaa.”

Akailaza ubavu, akalowesha kitambaa, akaanza na gia kubwa ya krenki. Tope la miaka lililochanganyika na grisi lilitoka kama ngozi ya kobe, na chini yake kikaonekana kichwa cha ndege mwenye mdomo mrefu, kimetobolewa ndani ya chuma. Huyo ni korongo wa Raleigh. Kila kiwanda kikubwa cha Kiingereza kilikuwa na mchoro wake hapo: BSA ilichonga herufi zake tatu, Rudge ikatoboa kiganja cha mkono, Humber ikapanga watu wanaokimbia. Mzee hakuridhika na ndege. Gia ya krenki inahamishika, alisema, na wezi wa zamani walijua kuihamisha.

Akahamia kwenye uma wa mbele. Uma wa Raleigh juu yake ni mviringo wa bomba, umefunikwa vikofia vya kung'aa kila upande. Humber ya hali ya juu ina miguu miwili miwili kila upande, na ukiiona mara moja hutaisahau. Kisha kichwa cha fremu: nembo ilikuwa imeng'oka zamani, lakini matundu mawili ya ripiti yalibaki, nayo ni ushahidi, kwa sababu umbali kati yake na mkao wake, wima au ulalo, hupimwa na kulinganishwa na nembo zinazojulikana. Akafuta kiungio cha bomba la siti, mahali Raleigh ilipozoea kugonga namba ya fremu, zikatokea tarakimu. Mwisho akahesabu spoki: 32 mbele, 40 nyuma. Huo ni mpango wa Kiingereza, uliorithiwa na Wahindi. Magurudumu yote mawili yakiwa na 36, ama baiskeli si ya kundi hilo, ama imeshabadilishwa.

Kanuni yake ilikuwa hii: usiamini kipande kimoja, tafuta vitatu vinavyokubaliana. Gia, uma na spoki vikisema jambo moja, unaweza kutoa hela. Vikigombana, una baiskeli ya mchanganyiko, na hakuna ubaya, ila usimlipe mtu kwa jina la Raleigh.

Alama nyingine mbili haziko kwenye fremu. Habu ya nyuma yenye gia za ndani za Sturmey-Archer, ambayo ni adimu kwenye baiskeli za huku, mara nyingi imegongwa mwaka wa kutengenezwa kwenye gamba lake. Tarakimu 54 ni mwaka 1954. Lakini huo ni mwaka wa habu, na gurudumu linaweza kuwa la mkopo. Ya pili ni kibati cha leseni. Baiskeli zililipiwa leseni kwa serikali za mitaa, na familia nyingi zilihifadhi stakabadhi pamoja na kadi za kliniki na hati za ubatizo. Fungua sanduku la marehemu kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote.

Vipimo vinavyokula hela

Hapa ndipo utambuzi unapogeuka kuwa fedha, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tairi kwanza. Baiskeli hizi kubwa hutumia 28 × 1½, na ubavuni tairi la kisasa huandikwa 40-635. Habari njema ni kwamba Hero, Avon na Phoenix za leo zinatumia kipimo hicho hicho, kwa hiyo tairi lake huuzwa karibu kila duka la vipuri vya baiskeli, kuanzia Iguguno. Habari mbaya ni kwa mwenye baiskeli nyepesi ya Kiingereza ya inchi 26 × 1⅜. Muuzaji atamletea tairi la baiskeli ya gia ya siku hizi, nalo limeandikwa 26, na halitaingia. La zamani hukaa kwenye ringi ya milimita 590, la kisasa kwenye ringi ya milimita 559. Kusukuma hakusaidii. Soma namba ya milimita, achana na ya inchi.

Pili, nyumba ya krenki. Raleigh za Nottingham zilitumia thredi 26 kwa inchi, wakati wengine wa Uingereza walifuata kawaida ya 24. Bakuli ya 24 itaanza kuingia mizunguko miwili, itagoma, na fundi mwenye haraka ataishindilia kwa spana ndefu. Sekunde hiyo ameua fremu. Dawa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: bakuli za zamani zilikuwa za chuma kigumu sana, na mara nyingi hazihitaji kubadilishwa. Zisafishwe, zimulikwe kwa tochi, na kama njia ya gololi haina mashimo zirudishwe palepale na gololi mpya, 11 za robo inchi kila upande. Gololi ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote kwenye baiskeli, na ndicho kinacholeta tofauti kubwa kuliko vyote mguuni.

Tatu, kotapini, zile pini zinazoshika mikono ya krenki. Za Raleigh ni za unene wa milimita 9.5, na nyingine huuzwa za 9. Ya 9 kwenye tundu la 9.5 italegea kabla hujafika Nduguti, na kila ukipanda mlima utasikia krenki inagonga. Nenda dukani na pini ya zamani mkononi, hata kama imepinda.

Nne, na hii ndiyo huwaumiza wengi, ringi na breki ni ndugu. Breki za vyuma hazikamati ringi kwa pembeni. Huvuta vipande vya raba kwenda juu, vikabana upande wa ndani wa ringi, penye mifereji miwili. Ukishawishiwa kufunga ringi bapa za baiskeli ya gia, breki zako zote hazina kazi tena. Utanunua breki za waya, mikono ya breki, na waya zenyewe, na tundu la kufungia breki ya nyuma huenda halipo. Kitu cha bei ya ringi mbili kimegeuka kuwa nusu ya baiskeli.

Cheni iwe ile pana ya baiskeli isiyo na gia, ½ × ⅛. Hilo halihitaji maneno zaidi.

Karatasi ya hesabu

Bei za vipuri hupanda na kushuka kwa msimu, na za Singida mjini si za Nduguti. Namba zifuatazo ni za mfano, nimezifanya kuwa za duru ili hesabu ifuatike. Chukua karatasi, pita dukani, weka za kwako.

Tuseme fremu, uma na krenki ni vizima, na ringi zina kutu ya juu tu. Tairi mbili kwa 15,000 kila moja, na tyubu mbili kwa 5,000, jumla 40,000. Cheni 8,000, friwili 7,000, pedeli 8,000. Gololi za baiskeli nzima na grisi 6,000. Kotapini mbili 2,000, raba nne za breki 4,000, spoki kumi za kufidia zilizokatika 3,000. Ufundi 20,000. Umefika shilingi 98,000.

Sasa tuseme ringi zimeliwa na kutu kiasi cha kutoboka ukizigonga. Ongeza ringi mbili za aina ileile kwa 30,000. Spoki mpya zote 72 kwa 300 kila moja ni 21,600. Zile kumi za mwanzo ziondoe. Kusuka magurudumu mawili 15,000. Jumla inapanda hadi 161,600.

Baiskeli mpya ya Kihindi au Kichina, katika mfano huu, tuiweke 250,000. Kwa hesabu kavu, hata baiskeli yenye ringi zilizokufa bado ina nafuu ya karibu shilingi 90,000 dhidi ya mpya. Lakini uma ukiwa umepinda, au bomba la chini la fremu limepasuka karibu na kiungio, nafuu hiyo isikudanganye. Fremu za zamani ziliunganishwa kwa kulehemu kwa shaba ndani ya viungio. Fundi wa mageti akiichoma kwa umeme, chuma kando ya mshono hudhoofika na kitakatika tena, mara nyingi pembeni tu mwa alipochomea. Fremu yenye ufa ninaihesabu kuwa sifuri. Inabaki kuwa ghala la vipuri.

Kuna jambo ambalo karatasi haionyeshi, nalo ni mzigo. Madumu manne ya lita 20 yakijaa maji ni kilo 80 hata kabla ya mpandaji. Gunia la alizeti linapishana kwa kushindilia, lakini hakuna anayelipeleka mashineni nusu. Baiskeli kongwe ya Kiingereza ina uzito wa kilo 20 hivi ikiwa tupu, na uzito huo haukuwekwa bure: bomba nene, keria iliyofungwa kwenye ekseli, spoki 40 nyuma kwa ajili ya mzigo. Nimeona baiskeli mpya za bei ya chini ambazo keria yake imekatika kwenye mshono kabla tairi la kwanza halijaisha. Ukinunua mpya kwa kazi ya mzigo, usiitazame rangi. Geuza keria, angalia imechomewa au imekunjwa tu, hesabu spoki za nyuma, na bana bomba la fremu kwa vidole. Na uongeze bei ya keria bora kwenye 250,000 yako, maana utaihitaji.

Baiskeli za mtumba zenye gia, zinazokuja kwa makontena kutoka Japani na Ulaya, zina wateja wake pia. Ni nyepesi, na kwa mwanafunzi anayekwenda shule ya mbali bila mzigo ni raha. Tatizo ni siku kirudisha gia cha nyuma kitakapopigwa na jiwe. Fundi wa kijijini ataikata cheni, ataifunga kwenye gia moja, na kuanzia hapo una baiskeli isiyo na gia iliyonunuliwa kwa bei ya yenye gia.

Kuirudisha ilivyokuwa

Anayetaka baiskeli ya mjomba iwe kama siku ilipotoka dukani ana haki hiyo, ila ajue anaingia soko gani. Siti ya ngozi ya Brooks, kampuni ya Birmingham iliyoanza mwaka 1866, bado inatengenezwa, na mpya huvuka pauni 80 za Uingereza kabla ya usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18. Kwa fedha hiyo siti moja imeipita karatasi yetu yote ya 161,600. Nembo, stika za maandishi ya dhahabu na taa za dainamo hupatikana kwa wakusanyaji wa Uingereza na India, kila kimoja na nauli yake ya posta.

Na usitegemee kurudisha fedha kwa kuiuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Raleigh ilikuwa inatoa zaidi ya baiskeli milioni moja kwa mwaka. Kitu kilichotengenezwa kwa wingi hivyo, tena kwa chuma kisichokufa, hakiwi adimu. Mkusanyaji wa Uingereza ana za kwake karibu, na gharama ya kusafirisha kilo 20 kutoka Singida peke yake inatosha kumfanya afunge simu. Yule ndugu wa mamilioni, mwombe akutajie mnunuzi mmoja.

Ipo njia ya kati, nayo ndiyo ningeichagua kwa baiskeli ya yule kijana: ifufue kwa vipuri vya Kihindi, lakini usitupe chochote cha asili. Pedeli za zamani, kava la cheni lililopinda, kengele isiyolia, vyote viingie kwenye gunia moja na kuning'inizwa darini. Siti ya ngozi iliyokauka isiloweshwe mafuta ya injini; kaza nati iliyo chini ya pua yake kidogo sana, paka mafuta ya ngozi kidogo, na mpelekee fundi viatu ashone pembe zilizochanika. Nimeona siti za namna hiyo zikirudi kazini kwa bei ya soda chache.

Rangi iwe ya mwisho kabisa, na ikiwezekana isiwepo. Rangi mpya hufunika nyufa ambazo mnunuzi na fundi wangepaswa kuziona, hufuta mistari ya dhahabu ambayo hairudi, na hula shilingi ambazo zingenunua tairi. Rangi ya zamani ikisafishwa kwa mafuta ya taa na kupakwa nta hupendeza kuliko watu wanavyotarajia. Kromu yenye kutu isuguliwe kwa foili ya jikoni iliyokunjwa na kuloweshwa maji. Msasa utaondoa kutu pamoja na kromu yenyewe.

Neno moja la hapa kwetu. Kila nyumba ya Mkalama ina mafuta ya alizeti, na kila cheni inayolia hupakwa. Acheni. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani hukauka na kugeuka gundi. Ndani ya habu yanashika vumbi la barabara na kuwa kama msasa. Utakuja kumlipa fundi afungue habu ambayo ilikuwa haina ubaya. Mafuta ya cherehani kwa cheni, grisi kwa gololi. Ya alizeti yabaki jikoni.

Kabla hujatoa hela, na kabla hujauza

Kabla baiskeli haijatengenezwa, hakuna anayeitaka. Siku itakapopita barabarani ikilia kengele, warithi wanne watakumbuka kwamba marehemu aliwaahidi. Kwa hiyo lisemwe kwenye kikao cha ukoo, na kama mirathi imefunguliwa Mahakama ya Mwanzo, msimamizi aiandike baiskeli kwenye orodha ya mali na jina la aliyeipata, kabla ya shilingi ya kwanza kwenda kwa fundi. Stakabadhi za vipuri zitunzwe. Ndugu akija baadaye kudai fungu lake, adai la baiskeli mbovu ya siku ile, si la tairi ulizonunua wewe.

Ukiamua kuuza, chuma chakavu kiwe mlango wa mwisho. Kwa kilo 20 utapata fedha ya mboga za siku chache, na umeuza gia ya krenki, bakuli na habu ambazo fundi yeyote wa baiskeli angezinunua moja moja. Baiskeli yenye fremu nzima, hata isiyotembea, ina bei yake kwa fundi. Baiskeli inayotembea ina bei yake mnadani, hasa baada ya mavuno ya alizeti watu wanapokuwa na chochote mfukoni. Kwa mnunuzi wa mnadani usitaje Raleigh kwanza. Mpakie gunia, mwache azunguke nayo, ndipo mzungumze.

Mauziano yaandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji, kila upande na shahidi wake. Karatasi itaje namba ya fremu iliyosomwa kwenye chuma chenyewe, wala si kwa kukumbuka, na kama tarakimu moja imefutika iandikwe kuwa imefutika. Mnunuzi makini ataomba aisome mwenyewe. Mpe kitambaa na mafuta ya taa.